Mtetemo wa Alasiri

Mwenyekiti wa kamati alitaka mlinzi awe na hatia, na alitaka hivyo kabla ya kikao cha kesho asubuhi.

Hakutamka maneno hayo, kwa sababu watu wa vyeo huwa hawayatamki. Alimkaribisha Inspekta kiti, akamsogezea chai iliyokwisha kupoa, akaanzia mbali. Nchi ilikuwa inapanga kujenga sinkrotroni yake ya kwanza. Ni mtambo wa duara, akaeleza, mkubwa kuliko uwanja wa mpira, na ndani yake elektroni huzungushwa kwa kasi mpaka zikatema mwanga mkali wa eksirei. Mwanga huo ukipigwa kwenye punje ya chumvi, kipande cha betri au dawa, mkemia anaziona atomi zenyewe, anaona nani kamshika nani na nani kamwachia nani. Mipango ya miaka mingi ilibakiza uamuzi mmoja tu, mtambo ukae wapi. Viwanja vilikuwa viwili, kimoja uwandani na kingine bondeni.

Shida ni kwamba mwanga ule ni mwembamba kuliko unywele. Ardhi ikitikisika hata kidogo, picha inaharibika, na mtambo wote unakuwa sanamu. Ndiyo maana kila kiwanja kilizikiwa kipima mtetemo. Kule uwandani, ambako wote walikuwa tayari kuapa kwamba hakuna kinachotikisika isipokuwa majani, kipima kilinasa mtetemo. Asubuhi kimya, usiku kimya, alasiri mtetemo, karibu kila siku.

"Kama ni ardhi yenyewe, uwanda umekwisha," Mwenyekiti alisema. "Kama ni mtu katuhujumu, tunatupa vipimo tunapima upya. Na mtu tunaye."

Mtu mwenyewe alikuwa mzee anayelinda lango la uwandani, mwenye mguu mmoja mbovu, ambaye sasa alikuwa mahabusu. Kibandani mwake kulikutwa nyundo kubwa yenye udongo. Alipoulizwa nani huingia alasiri, alijibu kwamba hakuna gari lililoingia wala ng'ombe. Alipoulizwa kama ndiye aliyekuwa akigonga ardhi, alinyamaza. Polisi wa zamu walikuwa wamekwisha kumpachika jina la Simu Mbovu, kwa sababu ukimpigia hapokei.

Inspekta aliuliza nani angefaidika na hujuma hiyo. Mwenyekiti hakufikiri hata kidogo, akamtaja mhandisi wa watu wa bondeni, ambaye gari lake lilionekana kwenye barabara ya uwandani. Inspekta alitoka kwenye korido akapiga simu. Mhandisi alipokea akiwa amelazwa hospitali, mguu ndani ya plasta, na gari lile lilikuwa na mkewe aliyekuwa akipita barabara hiyo kwenda kumwona. Mtetemo ulikuwa umeendelea siku zote hizo yeye akiwa kitandani. Inspekta alimtakia nafuu, akarudi ndani akiwa na mshukiwa mmoja pungufu.

Mwenyekiti naye alikuwa kwenye simu, kwa hiyo Inspekta akapata nafasi ya kuchungulia mfano wa mtambo uliokuwa kwenye meza ya pembeni. Ulitengenezwa kwa kadibodi kwa mkono wenye subira. Kulikuwa na duara kubwa, na kando yake vyumba vya utafiti vimepangana kama vibanda vya sokoni, kila kimoja na jina lake dogo: KEMIA, VIFAA, DAWA, MAWE. Kuta za katikati zote zilikuwa nzima, isipokuwa moja. Kati ya KEMIA na VIFAA mtu alikuwa amekata kimlango kwa wembe na kukitia bawaba ya karatasi yenye gundi. Inspekta alikisukuma kwa kidole. Kilifunguka.

"Ah, hicho," Mwenyekiti alisema akiweka simu chini. "Kwenye mchoro rasmi hakimo. Walikikata Profesa na marehemu mumewe. Mke ni mkemia, mume alikuwa mtu wa vifaa, betri na vyuma. Walisema hawawezi kuzungukia nje kila wakitaka kuulizana jambo. Huyu mama ndiye aliyependekeza uwanda."

"Ningependa kumwona."

"Yuko ofisi ya mwisho kule. Ila tafadhali usimsumbue. Bado ana majonzi."

Inspekta hakubisha. Alienda kwanza kwa fundi wa vipima, jamaa mwenye kitambi aliyekuwa akizungumza na kompyuta yake zaidi kuliko anavyozungumza na watu. Kwenye skrini kulikuwa na safu ya vijiti, kijiti kimoja kwa kila saa. Vya asubuhi vilikuwa vifupi, vya alasiri vimejitokeza juu kama meno ya mbele. Fundi alieleza kwamba kamati hutaka namba moja kwa kila saa, naye huwapa namba moja kwa kila saa, na kila mtu hulala usingizi wake.

Inspekta aliomba aone kilichomo ndani ya kijiti kimoja. Fundi alimtazama kama mtu aliyeambiwa afumue sweta aliyokwisha kuivaa. Lakini aliifumua. Kijiti kikafunguka, kikawa mstari mrefu wenye vijino vidogo vilivyoachana kwa nafasi sawa. Vilianza kwa udogo, vikakua, vikakua tena, halafu vikakatika ghafla. Palikuwa na kimya kirefu. Kisha vijino vikaanza upya, vikubwa vilevile, vikapungua polepole hadi vikapotea. Baada ya muda vikarudi kwa mtindo uleule, na kimya kilekile mahali palepale.

Inspekta aliuliza kama nyundo ingechora hivyo. Fundi alikiri kwamba hapana, mgonga nyundo husimama mahali pamoja, na kijino chake hakinenepi wala kukonda. Pampu je? Pampu haisimami kupumzika. Fundi aliyasema haya kwa sauti iliyozidi kushuka, na mwishowe akavua miwani.

"Hizi ni hatua, afande," alisema. "Kuna mtu anatembea. Mimi nimetafuta malori, machimbo, hata upepo kwenye nguzo za umeme. Mtu sikumtafuta, maana pale hatujaweka mtu."

"Si mlinzi?"

"Mzee anachechemea. Yeye angechora kijino kizito na kijino chepesi. Huyu miguu yake yote mizima."

Inspekta aliuliza kipima kimezikwa wapi hasa. Hapo fundi akaeleza jambo ambalo kwake lilikuwa la kawaida kabisa. Katika mzunguko wa kwanza wa vipimo kipima kilikuwa juu kilimani, mbali na kila kitu, na mzunguko ule uliisha salama. Kisha kamati ikaamuru mzunguko wa pili, kipima kikahamishwa na kuzikwa kando ya duara lenyewe, jirani na kigingi kinachoonyesha chumba cha KEMIA, kikafukiwa hata jani likaota juu yake. Wapangaji wote wa mradi walipewa taarifa.

"Wote?"

"Wote, isipokuwa Profesa. Wakati ule ndio alikuwa msibani. Tulikubaliana tusimsumbue."

Ilikuwa mara ya pili kwa Inspekta kulisikia neno hilo mchana mmoja. Alimwomba fundi abaki mbele ya skrini na simu mkononi, yeye akaendesha gari kwenda uwandani.

Hapakuwa na kitu. Lango, kibanda cha mlinzi chenye viti viwili vya plastiki, halafu nyasi hadi macho yachoke. Duara la mtambo lilikuwa limepimwa kwa vigingi vyenye vichwa vyekundu, na Inspekta hakuhitaji kuviinamia ili aone alichokuja kukitafuta. Kando ya vigingi, kulizunguka duara zima, kulikuwa na kinjia. Nyasi zilikuwa zimelala na mahali pengine udongo ulikuwa umetokeza. Aliyekipiga kinjia kile hakuwa amekatiza hata mara moja kupita katikati. Alikuwa anazunguka tu, na kinjia kilikuwa chembamba, cha mtu mmoja.

Inspekta alikifuata. Aliposikia kimya kimezidi, akakohoa, si kwa sababu ya kifua bali ili asikie kitu. Alipita kigingi cha MAWE, akapita cha DAWA, akafika cha VIFAA. Kati ya kigingi hicho na cha KEMIA palikuwa na sehemu ndogo iliyokwanguka kabisa, isiyo na jani, inayotosha miguu miwili iliyosimama pamoja. Akasimama hapo. Aliangalia mbele, aliangalia nyuma, na hakukuwa na chochote cha kumfanya mtu asimame. Ndipo alipokikumbuka kimlango cha kadibodi.

"Afande," fundi alisema kwenye simu, "umechora vilevile. Umekuja, umekua, umekatika. Umefanya nini?"

"Nimesimama mlangoni."

Fundi aliuliza mlango gani. Inspekta alimwambia achapishe ule mstari kwenye karatasi, mrefu kadiri karatasi itakavyofika, kisha akakata simu.

Alipofika kituo cha polisi hakumuuliza mlinzi swali lolote. Aliketi naye kwenye benchi, akamsimulia alichokiona, kinjia, vigingi, na ile sehemu isiyo na nyasi. Mzee alisikiliza akitazama ukuta. Mwishoni aliomba maji, akanywa yote, akafuta mdomo.

"Niliambiwa nizuie magari na mifugo," alisema. "Mama yule si gari, wala si ng'ombe. Kuhusu watu sikuambiwa neno."

"Alikuomba ufiche?"

"Hakuniomba kitu. Anakuja, ananisalimia, anaingia. Akitoka ananiaga, na siku nyingine anakaa kidogo kwenye kile kiti kingine. Siku moja nikasikia anaongea huko ndani, nikajua ana mwenzake, nikaenda kuangalia. Alikuwa peke yake, anamweleza mtu mambo ya chumvi, ananyamaza kama anasubiri kujibiwa. Nikarudi taratibu. Ukimwona mtu katika hali ile huendi kumtangaza, baba."

"Wanataka kukufunga, mzee."

"Nilijua watauliza tu halafu wachoke. Na wakijua ni yeye watamzuia. Sasa atakwenda wapi?"

Inspekta alikumbuka nyundo, akauliza. Mzee akakasirika kwa mara ya kwanza. Alisema mvua ikinyesha vigingi vinalegea, na kama kamati inafikiri vinajigongomea vyenyewe basi wasomi hawa wana shida kubwa kuliko mtetemo.

Korido ya kuelekea ofisi ya mwisho ilikuwa na tabia yake. Watu waliokuwa wakicheka mwanzoni mwa korido walipunguza sauti kadiri walivyoikaribia, na waliopita mbele ya mlango ule walipita kwa ncha za vidole. Walikuwa watu wema, na ilionekana wazi kwamba hakuna aliyebisha hodi. Inspekta akabisha.

Profesa alikuwa mwanamke mwembamba mwenye nywele fupi zilizoingia mvi. Ofisi ilikuwa na meza mbili zinazotazamana. Yake ilijaa michoro. Ya pili ilikuwa safi kupita kiasi, na kalamu moja tu imelazwa juu yake. Alimwambia Inspekta aketi popote ila si pale. Kisha akaanza kuzungumza kabla hajaulizwa, habari za mwanga, habari za fuwele za chumvi, jinsi atakavyotazama betri ikifa chembe kwa chembe huku bado inatumika, na alizungumza haraka kama mtu anayehofia mgeni atatazama saa. Inspekta alimwacha amalize. Aliyajua mazungumzo ya namna hiyo. Yeye mwenyewe humshika muuza magazeti kwa maneno namna hiyohiyo siku za mapumziko.

Kisha akakunjua ile karatasi juu ya meza.

Profesa alivaa miwani na sura ikabadilika, ikawa ya kazini. Alifuata vijino kwa kidole. Alisema ni mtu anatembea, hana haraka, anazunguka kitu, na kipima kiko karibu na njia yake. Kidole kikafika kwenye kimya. Hapo kikakaa.

"Kipima kilikuwa kilimani, na vipimo vilikwisha," alisema.

"Kilihamishwa, mama, vikaanza vipimo vya pili. Wakati uko msibani."

"Mbona hawakuniambia?"

"Hawakutaka kukusumbua."

Alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha yoyote. "Wamenihurumia vizuri sana hawa," alisema. "Tangu nimerudi sijasumbuliwa na mtu hata mmoja."

Inspekta hakuwa na njia ya kulipamba lililobaki, akalisema lilivyo. Mzee wa lango alikuwa mahabusu kwa ajili ya mtetemo ule na alikuwa amekataa kumtaja. Kamati ingefurahi sana kumwacha huko, kwa sababu mlinzi mhujumu anauokoa uwanda bila kumgusa mpangaji yeyote wa mradi. Lakini ikijulikana kwamba hatua ni za Profesa, kuna ile kanuni kwamba anayependekeza kiwanja akikikanyaga wakati wa vipimo, anaondolewa kwenye mradi moja kwa moja, na haulizwi kama alijua au hakujua.

"Kanuni hiyo niliiandika mimi," Profesa alisema. "Mume wangu aliniambia nimeikaza mno. Nikamwambia bila kukaza watu watadanganya."

Alikuwa amekwisha kuinama na kuvuta viatu vya raba kutoka chini ya meza. Soli zake zilikuwa na udongo mwekundu wa uwandani. Alifunga kamba za kimoja, akatulia, akafunga za kingine.

"Mzee amekula?" aliuliza.

Inspekta alisema hajui. Profesa alisimama, akachukua mkoba wake, na mlangoni akageuka kuitazama meza iliyo safi. Inspekta akatoka mbele ili asimtazame.

Profesa alizungumza na kamati siku hiyohiyo akiwa amesimama, na hakutumia maneno mengi. Alisema hatua ni zake, hakujua kwamba kipima kimehamishwa, na kutojua kwake hakubadilishi kanuni. Akaomba mzee aachiwe kabla ya jambo lingine lolote. Mwenyekiti alitokwa na machozi ya kweli, akasema ni pigo kubwa, akasema mchango wake hautasahaulika, halafu akasaini barua ya kumwondoa. Kikao cha kuchagua kiwanja kiliahirishwa ili uwanda upimwe tena. Profesa alitoka na sanduku moja, na korido nzima ikampisha kwa heshima.

Inspekta aliitwa tena siku matokeo yaliposomwa, ili afunge jalada. Fundi alitandaza vijiti skrini nzima, asubuhi, alasiri, usiku, vyote vifupi, vyote sawa. Kisha, kwa sababu sasa alikuwa amejifunza, akakifungua kijiti cha alasiri. Mstari ulinyooka kutoka mwanzo hadi mwisho bila kijino hata kimoja. Uwanda ulikuwa umetulia kuliko kiwanja chochote walichowahi kupima. Watu wakapiga makofi, mtu akamkumbatia fundi, na Mwenyekiti akatangaza kwamba mtambo umepata nyumba.

Inspekta aliutazama ule mstari. Alijua maana yake, na makofi yalimkera. Katikati ya meza ya mkutano walikuwa wameweka mfano wa kadibodi, umepanguswa vumbi kwa ajili ya picha. Alinyoosha kidole akasukuma kimlango kati ya KEMIA na VIFAA. Hakikufunguka. Kilikuwa kimegandishwa kwa gundi ili mfano ulingane na mchoro rasmi.

Akapita uwandani kabla ya kurudi kwake. Mzee alikuwa langoni, mguu mbovu kaunyoosha, na kile kiti kingine cha plastiki kilikuwa mahali pake, kimefutwa. Aliuliza kama yule mama anaruhusiwa kuja sasa, maana vipimo vimekwisha. Inspekta akamweleza kwamba ujenzi unaanza, uzio unawekwa, na jina lake halimo tena kati ya wanaoingia. Mzee alitikisa kichwa kwa muda. Nyasi zilikuwa zimekwisha kuanza kukifunika kinjia.

Inspekta alirudi kwenye gari, akafunga mlango, akatoa simu. Jalada lilikuwa limefungwa na hakuwa na sababu ya kikazi ya kuipiga namba ile. Akaipiga. Ililia mara chache, ikapokelewa.

"Inspekta," sauti ya Profesa ilisema. "Kuna swali limebaki?"

"Hapana, mama. Sina swali lolote."

Inspekta alidhani Profesa atakata. Alisikiliza, akasikia redio ikizimwa mahali fulani ndani ya nyumba ile, kisha kiti kikivutwa, kisha mtu akiketi.

"Basi nisumbue," Profesa alisema.